Visu Kumi na Viwili vya Fundi wa Kisumu Ndogo

Habari nilizipata sokoni, mbele ya meza ya samaki, nikingoja samaki wangu, changu, aparwe magamba. Bibi anayenihudumia miaka yote hii ni mwenyeji wa Mambrui, mwanamke mwenye mikono myepesi na maneno machache, ambaye sijapata kumwona akikatiza kazi kwa sababu ya mazungumzo. Siku ile alikiweka kisu chini. Akajifuta mikono kwa upindo wa leso, akasema, "Fundi wetu wa visu katutoka jana, huko kwao Kaloleni. Kifua kilimbana siku tatu tu, basi." Kisha akakiokota kisu, akaendelea kupara, na machozi yakimtoka wala hakuyafuta. Hakumtaja marehemu kwa jina, na hapakuwa na haja. Kwa watu wa Malindi wanaoishi kwa kisu, yaani wachinjaji, wakata samaki na wapishi wa harusi, fundi alikuwa mmoja.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haitaji majina ya watu, wakiwa hai au wakiwa wamekufa, na leo sitaivunja kanuni hiyo. Nitasema tu kwamba banda lake lilikuwa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, nyuma ya wauza mkaa, na kwamba kwa miaka mingi nimepita pale nikijifanya nina shughuli, kumbe nataka kumtazama akifanya kazi. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi, na alikuwa mbishi. Hilo la ubishi nalisema mapema kwa sababu marehemu husafishwa sana magazetini, na yeye hakupenda kusafishwa. Ungemwambia leo joto limezidi, angekuuliza umelipima na nini. Ungemsifia kisu, angekuuliza umekitumia siku ngapi. Nilimpenda kwa hilo, ijapokuwa mara kadha niliondoka bandani kwake nimenuna.

Yeye alivigawa visu vyote vya duniani mafungu mawili: vya chuma cheusi na vya chuma cheupe. Cheusi ndicho chuma chenye kaboni ya kutosha kukifanya kigumu, na yeye alikipata kwenye springi za malori makuukuu. Cheupe ni kile ambacho sisi wateja tunakiita stenlesi, kinachong'aa dukani na kisichoshika kutu upesi. Chuma cheusi kilikuwa chake. Alikitia makaani, akavukuta mpaka kikawa chekundu, na alipotaka kujua kama moto umetosha hakutegemea macho peke yake. Alikuwa na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio, amekifunga kwenye ncha ya waya. Chuma hicho kikiwa baridi hunaswa na sumaku, lakini kikishafika joto lake sumaku hukiacha, na hapo ndipo alipokizamisha kwenye mafuta kikawa kigumu. Baadaye alikirudisha karibu na moto, polepole, mpaka uso wake ukageuka rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue kidogo na kisu kisije kikakatika kikianguka sakafuni. "Sumaku haijapata kunidanganya," alizoea kuniambia. Mwisho wa yote, kwenye bapa, karibu na mpini, aligonga alama yake: vitone vitatu vidogo vilivyopangwa mstari mmoja. Kisu chenye vitone vitatu kikikataa kukata, yeye alilihesabu kosa ni lake, hata kama mwenye kisu alikuwa amekitumia kufungulia kopo la maziwa.

Siku moja nilimpelekea kisu cha jikoni nilicholetewa zawadi na binti yangu anayefanya kazi Nairobi. Kilikuja ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, kinang'aa hata ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Nilitaka tu anitilie makali, maana kilikuwa kimeshindwa na nyanya. Akakigeuzageuza, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake.

"Hiki wakifanyia nini, mwandishi?"

"Cha jikoni."

"Cha kukatia ama cha kuangalia?"

Nikamwambia aache maneno anoe. Hakuacha maneno. Alichukua ndimu, akaikata nusu kwa kisu changu na nusu kwa kisu chake cheusi, akaviweka vyote viwili juu ya gunia bila kuvifuta, akaniagizia kahawa chungu. Tulipomaliza vikombe viwili viwili, kisu chake kilikuwa kimeingia madoa ya samawati na kijivu bapa zima, na changu kilikuwa kinang'aa vilevile kama kilivyotoka sandukuni. Akaniuliza kipi kibaya. Nikamwonyesha chake, kwa furaha kidogo, nakiri.

"Hakuna kibaya hapo," akasema. "Cheusi kina hasira za karibu, lakini ukikipiga kinoo mara tano kimerudi. Cheupe hakikasiriki upesi, ila siku kikilala utakinoa mpaka mkono ufe ganzi. Kila kimoja kinakudai subira, ni mahali tu ndipo panapotofautiana. Wewe ukimaliza kukata, utakifuta cheusi, ukipake mafuta ya nazi, kila siku?"

"Nitafanya."

"Hutafanya. Kaa na hiki chako, nami nitakunolea."

Niliondoka nimenuna kama kawaida, lakini kisu hicho ninacho mpaka leo, na sijapata kukipaka mafuta kisu chochote maishani mwangu. Alinijua kuliko nilivyojijua.

Ubishi huo ulikuwa na asili yake. Baba yake alikuwa mgema huko Kaloleni, na aliyewahi kuishika kotama ya mgema ataelewa. Ni kisu chembamba kilichopinda, na mgema akishafika juu ya mnazi huitumia kulipunguza ua kipande chembamba mno, asubuhi na jioni, ili tembo liendelee kudondoka. Kotama ikiwa butu, ua huchubuka na tembo hukoma, na siku hiyo nyumbani hapaliwi vizuri. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo hawezi kuliona suala la makali ni mchezo. Wagema wa Kaloleni mpaka leo hawataki kusikia habari za chuma cheupe, kwa kuwa kotama hunolewa kila siku ya Mungu, na chuma cheusi hupokea makali upesi. Vivyo hivyo wakulima wa Adu waliokuwa wakimletea mapanga yao kabla ya mvua. Kwa miaka mingi, basi, fundi alihubiri cheusi na hakuna aliyempinga.

Aliyempinga ni bibi wa Mambrui. Nilikuwapo, nimekaa kwenye kigogo changu cha siku zote, alipoingia bandani asubuhi moja amebeba kisu ndani ya kitambaa. Fundi alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia marahaba, lakini uso wake haukuwa wa marahaba. Bibi huyu hukata nguru na jodari kwa ajili ya wanunuzi wa mjini, na hukata papa wa kutiwa chumvi, wa kuanikwa ng'onda. Kutwa nzima kisu chake kimo ndani ya chumvi na maji. Asubuhi ile mnunuzi wa hoteli moja alikuwa amemrudishia kikapu kizima cha nguru kwa sababu minofu ilikuwa na michirizi ya kijivu, na alimwambia hatanunua tena kwake mpaka samaki waje weupe. Mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa akimfanya bibi aweze kuwalea wajukuu wanne walioachwa mikononi mwake.

"Kisu chako chakata, sikatai," bibi akasema. "Lakini chanitilia madoa. Na wenzangu wote pale wanalia hivyo hivyo."

"Kifute, bibi."

"Nikifute baina ya samaki na samaki? Nina mikono mingapi mimi?"

Fundi alikitazama kisu. Nilijua anatafuta jibu la kibishi. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kula asichokipenda, "Basi wataka cheupe?"

"Nataka kisichotia doa. Rangi ni shauri lako."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo nadhani lingeweza kuzaliwa kwetu tu. Kila anayenunua sufuria katika pwani hii anajua kipimo cha stenlesi: unakwenda na sumaku, unaigusisha, ikinasa unairudisha sufuria, isiponasa unafungua mkoba. Mama zetu wanakijua kipimo hicho, na wauzaji nao wanajua kwamba wanakijua. Wakati huo hoteli moja ya zamani ufukweni ilikuwa inabomolewa, na wauza vyuma chakavu walikuwa wameleta mjini meza za jikoni na sinki za kuoshea vyombo, mabati mazito yanayong'aa. Fundi alikwenda na sumaku yake ya waya. Akaigusisha huku na huku, ikateleza, haikunasa hata mara moja. "Imekataa," akaniambia, na alikuwa amefurahi. "Hiki ndicho chenyewe." Sumaku ileile iliyokuwa ikimwambia kweli makaani kila siku, alidhani itamwambia kweli na sokoni.

Alitengeneza visu kumi na viwili, kimoja kwa kila mkata samaki wa safu ile ya meza. Alivitia motoni, akavizamisha, akavisugua mpaka vikameremeta, akavitia mipini ya mwarobaini, na kwenye kila bapa akagonga vitone vitatu. Nami, ambaye sikuwa nimeviona vikikata hata samaki mmoja, nilikimbilia kalamu. Niliandika humu humu kwamba Malindi haina haja tena ya visu vya kuletwa kwa meli, kwamba fundi wetu amekishika chuma cheupe akakitia adabu. Ilikuwa makala tamu. Watu waliikata wakaibandika kwenye kuta za maduka, na mimi nilipita mbele ya maduka hayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Havikumaliza wiki. Makali yalilala siku ya kwanza, yakanolewa, yakalala tena kabla ya adhuhuri. Kisu cha bibi kilipogonga mfupa wa mgongo wa papa kilijikunja, kikabaki kimepinda. Maana kuna chuma cheupe cha aina mbili, na wakati huo hakuna aliyetuambia. Kuna kile cha sufuria na sinki, ambacho sumaku hukiacha: hakishiki kutu, lakini hata ukitie moto wa namna gani na ukizamishe mara ngapi, kitabaki laini. Na kuna kile kilichokusudiwa kwa visu, ambacho huwa kigumu, na hicho sumaku hukinasa. Kipimo cha mama zetu ni kizuri kwa kununulia sufuria, na fundi alikitumia kuchagulia kisu.

Sokoni walimcheka. Sitawalaumu, kwa kuwa mtu mbishi akianguka watu hupata nafasi waliyoingoja. Mtu mmoja akasema kwa sauti, ili asikike, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo husemwa kila siku na haimuui mtu, lakini huyu alikuwa mwana wa mgema kweli, mgema ambaye hakupata kulitia tembo lake maji, na aliyemsifu hata akaonekana amelewa sifa nilikuwa mimi na makala yangu. Nilimwona amesimama na kofia mkononi. Nikaona aibu, nikaenda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta bandani na vitu viwili juu ya fuawe: kipande cha sinki, na kisu kikubwa cha jikoni cha kigeni kilichovunjika ncha, alichokiomba kwa mpishi wa hoteli. Alikuwa amekitia kipande cha sinki motoni mara nne, kwa moto wa namna nne, na kila mara baada ya kukizamisha alikipitishia tupa. "Tazama," akasema, akaipitisha tena. Tupa iliuma chuma bila shida, unga wake ukamwagika. Kisha akaipitisha kwenye kile kisu cha kigeni, ikateleza. Akaigusisha sumaku kwenye kisu, ikanasa. Alichukua kikapu cha ukindu, akavaa kofia, akatoka, nami nikamfuata.

Alichagua saa soko limejaa. Ningekuwa mimi, ningengoja mchana watu wametawanyika. Alianza na meza ya kwanza, na kwa kila mkata samaki alirudia maneno yaleyale, kwa sauti iliyosikika meza tatu mbele: "Kisu hiki kibovu. Nimekosea mimi. Nirudishie." Kwa kila kisu alichorudishiwa aliacha kimoja cha zamani cha chuma cheusi, na akaomba radhi kwamba kitatia madoa kwa muda. Kijana mmoja mkata samaki, ambaye nadhani alikuwa anamhurumia, akamwambia, "Changu kiwache, fundi, nitakitumia kwa vitunguu nyumbani." Fundi akamjibu kwamba vitunguu navyo vina haki yao, akanyoosha mkono mpaka akapewa. Wale waliokuwa wakimcheka jana walikuwa wameinamia samaki zao. Bibi wa Mambrui alimpa kisu kilichojikunja, akamshika mkono kidogo.

Alipata kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilikuwa kimepewa shemeji wa mkata samaki mmoja huko Adu. Nilimwambia kisu kimoja huko Adu hakitamwaibisha. Akaniuliza kama Adu hakuna watu. Akaenda, akapoteza siku nzima, akakikuta kinatumika kuchambulia mchicha na mwenyewe anakisifu, ikabidi amshawishi mtu aliyeridhika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Aliporudi alivifunga vyote kumi na viwili kwenye jiriwa, kimoja kimoja, akavifuta vitone vitatu kwa tupa mpaka mabapa yakawa matupu.

Jioni moja akaja barazani kwangu. Hakuketi. "Uliandika kuwa ni vizuri," akasema. "Sasa andika kuwa ni vibovu, na kuwa nilikosea." Nikamwahidi. Na wasomaji wenye kumbukumbu nzuri watajua nilichoandika: kwamba baadhi ya visu vilionekana kuwa na kasoro ndogo kutokana na malighafi iliyotumika. Nilidhani ninamsitiri. Binti yake alimsomea gazeti, na nilipopita bandani aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kinoo, "Baadhi ni vingapi? Na hiyo malighafi, nani aliyeichagua?" Nikacheka, nikasema ndiyo lugha ya magazeti. Hakucheka. "Umenipaka rangi, mwandishi," akasema, na hakulizungumza tena mpaka kufa kwake. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi tangu wakati huo, hasa ninapokaa kuandika.

Bibi alikuwa bado hana kisu, na mnunuzi wake alikuwa amekwenda kwa wengine. Fundi akaanza kuzunguka kwa wapishi wa mahoteli akiomba visu vikubwa vilivyovunjika, vile ambavyo sumaku hunasa na tupa huteleza. Hakuvitia motoni kabisa. Alisema chuma hicho kina moto wake, na moto huo yeye haujui, wala jicho lake wala sumaku yake havitoshi kuusoma. Kwa hivyo alivichonga vikiwa baridi, kwenye jiwe la kusagia, kwa maji, akivigusa kwa kidole kila mara, na kisu kikianza kupata joto alikiweka pembeni akakiacha kipoe. Kazi ya kisu kimoja ilimla siku tatu, nne. Cha kwanza alimpelekea bibi. Siku chache baadaye nguru wake walitoka mezani weupe, na kabla ya mwezi kuandama tena yule mnunuzi alikuwa amerudi, amesimama kwenye foleni nyuma yangu. Wenzake kumi na mmoja walipata vyao, mmoja baada ya mwingine.

Visu hivyo vyeupe havikuwa na vitone vitatu. Bibi alimwomba amgongee, kwa kuwa alitaka watu wajue kisu kimetoka wapi. Fundi alikataa. "Sikukizaa mimi hiki, bibi. Nimekinyoa tu." Alimwomba tena mwaka uliofuata, na jibu lilikuwa lilelile.

Nimelitafakari jibu hilo kila ninapotembea mjini kwetu siku hizi. Tunaishi wakati wa kubandika majina. Kisima kimechimbwa na wanakijiji kwa majembe yao, kinawekwa kibao chenye jina la mheshimiwa aliyekuja kukifungua. Mtu amenunua viatu kwa jumla, anavipiga chapa yake, kesho anaitwa mbunifu. Hata sisi waandishi, Mungu atusamehe, tuna mahodari wetu wa kunyoa kazi za wengine na kuzigongea vitone. Na tukikosea, lugha yetu yote hugeuka kuwa ya kutendwa: ilionekana, ilitokea, kulikuwa na changamoto. Katikati ya mji wa namna hii aliishi mtu ambaye hakuweka alama yake kwenye kazi nzuri kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ndogo, na aliyesema "nimekosea mimi" mbele ya soko zima kwa kuwa sehemu yake ilikuwa kubwa. Watu huniuliza kwa nini ninajivunia Malindi, barabara zake zikiwa hivi zilivyo. Ninajivunia watu kama huyo, na ninawajua kadha.

Tulikwenda Kaloleni kumzika. Wakata samaki walifunga meza zao wakakodi gari, jambo ambalo sijapata kuliona likifanyika kwa ajili ya mtu asiyekuwa jamaa yao. Wenyeji, kwa desturi nzuri ya huko, walimwomba Mwislamu mmoja wa mjini achinje ng'ombe wa matanga, ili wageni wote wale chungu kimoja. Walimletea kisu akakitazama, akakirudisha kwa heshima, akafungua mfuko wake mwenyewe. Kisu chake kilikuwa cheusi, kimepakwa mafuta ya nazi, chenye vitone vitatu. Nilipomtazama binti wa marehemu niliona amekiona.

Binti huyo ni mtu mzima, ana watoto wake, na kwa miaka hii ya mwisho, kifua cha baba kilipodhoofika, ndiye aliyeshika nyundo. Wapo waliosema mwanamke hafai kwenye fuawe, na wapo waliokuwa wakipeleka visu vyao wakimtazama baba usoni ilhali mikono inayofanya kazi ni ya binti. Siku ile swali lilikuwa vichwani mwa wengi, ingawa hakuna aliyelisema: je, jina la fundi limezikwa naye? Baada ya chakula bibi wa Mambrui alimwendea, akafungua kitambaa, akamwonyesha kile kisu cheupe, kimeshapungua upana kwa kunolewa.

"Mwanangu," akamwambia, "msumari wa vitone unao wewe sasa. Nigongee. Baba yako alinikatalia, lakini leo hayupo, na mimi nataka kumbukumbu yake."

Tulikuwa wengi pale, na nakiri kwamba mimi nilitaka akubali. Ingekuwa jambo zuri kuliandika. Binti alikipokea kisu, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Siwezi, bibi," akasema. "Hiki nilimwona akikichonga, na sicho chetu. Njoo Malindi baada ya arobaini, nitakufulia cha nyumbani, cheusi. Hicho nitakigonga."

Bibi alikifunga kisu chake taratibu. Nilidhani ameudhika. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka, akatugeukia sisi tuliokuwa tumesimama, akasema kwa sauti ya sokoni, "Mzee kazaa."

Nilirudi mjini nikiona haya, kwa sababu binti yule alikuwa amefanya kwa sekunde chache kile nilichoshindwa kukifanya na wino wote nilionao. Basi na niandike nilivyoambiwa niandike. Visu kumi na viwili vya chuma cheupe nilivyovisifu katika safu hii vilikuwa vibovu, vyote. Chuma hakikuwa na kosa. Aliyekosea ni fundi wa Kisumu Ndogo, kwa kuiamini sumaku mahali pasipokuwa pake, na aliyevisifu kabla havijakata kitu ni mimi. Atakayetaka kujifunza kazi yoyote, iwe ya nyundo au ya kalamu, aanzie hapo. Fundi asiyekosea sijapata kumwona. Aliyezunguka soko zima mpaka Adu akiomba arudishiwe kosa lake nimemwona mmoja, na alikuwa wa kwetu.